Nani Aliyekata Pembe za Ng'ombe?

Kila Jumatatu na Jumatano, kengele ya michezo ilipolia, wanafunzi wa Gredi ya Saba walitimka kuelekea uwanjani. Beverly alitimka pia, ila yeye alielekea upande wa pili, kwenye chumba cha kompyuta. Chumba chenyewe zamani kilikuwa ghala la mahindi, na mpaka leo mvua ikinyesha hapo Ndhiwa kinanukia magunia. Ndani mlikuwa na kompyuta chache kuukuu, na wanachama wa chama cha kompyuta walikuwa wengi kuliko mashine. Kwa hiyo mtu alikaa, akaandika, akahifadhi, akainuka. Ukizubaa kitini ulivutwa shati.

Muhula huo walikuwa wakitengeneza wiki ya shule. Madam Dorine, mwalimu wao wa Kiswahili ambaye pia alikisimamia chama, alikuwa amewaeleza mambo hayo tangu siku ya kwanza.

"Wiki ni kurasa za kompyuta ambazo kila mmoja wenu anaweza kuziandika, na kila mmoja anaweza kuzisahihisha," alisema. "Huyu analeta habari za soko, yule analeta habari za mto, mwingine anaona kosa analiondoa. Hakuna ukurasa wa mtu. Zote ni zetu."

"Na mtu akiharibu makusudi, Madam?" aliuliza Risper. Huyu Risper ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Beverly, na swali halikumpita hata siku moja.

"Huyo atatoka katika chama hiki, na hatarudi mwaka huu," Madam Dorine alijibu, na uso wake haukuwa na mzaha.

Beverly aliisikia hiyo sehemu ya adhabu vizuri sana. Ile ya "zote ni zetu" iliingia sikio hili ikatokea lile.

Ukurasa wake aliuita Ng'ombe wa Babu. Babu yake, Mzee Jeremiah, alifuga ng'ombe upande wa Asumbi, na Beverly aliwajua wote kwa majina na kwa ukorofi wao. Ijumaa, Madam Dorine angechukua kurasa zote zilizokamilika na kuzipeleka Migori, kwa shule moja rafiki ambayo nayo ilikuwa na wiki yake. Beverly alikuwa ameshamwambia babu yake kwamba ng'ombe wake watasomwa hadi Migori. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Jumatatu hiyo alikaa kwenye mashine iliyo karibu na dirisha. Madam alikuwa amewafundisha kwamba ukiweka alama mbili za sawasawa kila upande wa maneno, maneno hayo yanakuwa kichwa kikubwa. Ukianza mstari kwa nyota, unapata orodha. Mapambo mengine angewafundisha baadaye. Beverly aliweka vichwa vyake, akaweka nyota zake, kisha akaandika habari zenyewe, aya baada ya aya. Ya pili ilianza hivi: "Ng'ombe mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto aling'oa kigingi akamng'ata mbwa."

Sentensi hiyo ilikuwa na kazi. Madam Dorine alikuwa na mtindo wake: akikuta mtu ameandika "ngombe" bila ritifaa, kile kialama cha juu, alimchorea daftarini kichwa cha ng'ombe chenye upara, kisha akaandika chini yake, "Pembe ziko wapi?" Beverly alichorewa mara moja tu, muhula wa kwanza. Darasa zima lilimcheka, naye akajiapia kwamba halitatokea tena. Kwa hiyo kila alipofika kwenye ng'o au ng'a alikishambulia kitufe cha ritifaa kwa kidole cha shahada, tak-tak, akainama kuangalia kama pembe ziko. Zilikuwepo. Akabonyeza "Hifadhi ukurasa."

"Inuka bwana, zamu yangu!" Willis alikuwa ameshamshika mgongo wa kiti. Beverly akainuka hata kabla ukurasa haujafunguka.

Kesho yake, kwenye foleni ya mfereji, Willis huyohuyo alimwambia, "Beverly, aki ng'ombe wako wamefanywa nini? Wote hawana pembe. Na maneno yamelewa."

"Maneno yamelewa vipi?"

"Nenda uone mwenyewe."

Jumatano aliona. Lo! Mstari ulianza vizuri, halafu ghafla maneno yakalala ubavu kama mahindi yaliyopigwa na upepo, yakasimama tena, kisha yakalala. Na kila palipokuwa na ritifaa palikuwa patupu. Ngombe. Ngambo. Alingoa. Akamngata. Aya ya kwanza pekee ndiyo iliyokuwa salama.

Beverly aligonga meza. "Mtu amenichezea."

"Tazama kwenye Historia," Risper alimnong'oneza. "Kila anayegusa ukurasa, jina lake linabaki."

Wakabonyeza neno "Historia" juu ya ukurasa. Majina yalikuwa mawili tu. Chini, Beverly. Juu yake, Kemuma.

Wote wawili waligeuka polepole wakatazama kona ya chumba. Kemuma alikuwa amekaa huko peke yake, macho kwenye skrini, vidole vikikimbia. Alikuwa amehamia shuleni muhula huo kutoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, baada ya baba yake, fundi wa mashine za kusaga unga, kupata kazi hapo sokoni. Nyumbani kwao walizungumza Kigusii, na Kijaluo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukidokoa. Kwa hiyo wenzake walipopiga soga alinyamaza, na ule unyamavu wake watu waliuhesabu kuwa ni maringo. Kwenye kompyuta hakuna aliyemfikia. Kule alikotoka alishafundishwa wiki.

"Nilijua tu," Risper alisema. "Mtu hanyamazi hivyo bure. Na watu wa mpakani, wewe! Mama yangu anasema kule hata noti wanaikagua mbele na nyuma kabla ya kuipokea."

Kwa nini mtu anayekagua noti awe mbaya, Risper hakueleza, na Beverly hakuuliza. Alishaanza kukumbuka mambo. Kemuma alimwangalia wiki iliyopita, sivyo? Na siku ile Madam aliposifu kichwa cha ukurasa wa Beverly, Kemuma hakupiga makofi. Au alipiga? Kadiri alivyofikiri ndivyo alivyokuwa na hakika kwamba hakupiga.

Pembeni mwa jina la Kemuma palikuwa na neno "tengua." Ukilibonyeza, alichofanya mtu huyo kinafutika na ukurasa unarudi ulivyokuwa kabla yake. Beverly alilibonyeza. Weee! Badala ya kupona, ukurasa ulizidi kuugua. Sasa hata ile aya ya kwanza ililala.

"Ameuwekea kitu," Beverly alisema. "Nikitengua unazidi."

Akaingia kwenye "Hariri," akafuta aya zote na kuziandika upya kwa hasira, tak-tak, tak-tak, mpaka Willis akamwondoa kitini. Hakupata muda wa kuangalia.

Jioni alimsimulia mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni.

"Umemuuliza mwenyewe?" mama alisema.

"Nimuulize ili akane?"

"Nyathina, mwanangu, na kama hajafanya?"

"Jina lake liko pale, Mama! Kompyuta haidanganyi."

Mama alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe, akaendelea kuchambua. Beverly aliuchukia utulivu huo. Usiku alijigeuza kitandani akiona vidole vya Kemuma vikikimbia.

Alhamisi asubuhi, Kemuma mwenyewe alimfuata kwenye mfereji. "Beverly, kuhusu ule ukurasa wako wa—"

"Niache!" Beverly alimkatiza mbele ya watu. "Unajua ulichofanya. Mkata-pembe wewe!"

Watoto wakacheka. Jina tamu halikawii kushika, na kufikia saa nne lilikuwa limefika hadi Gredi ya Nne. "Mkata-pembe! Mkata-pembe!" wavulana waliimba Kemuma alipopita na kikombe chake cha uji. Kemuma aliuacha uji bila kuumaliza akaingia darasani. Moyoni Beverly alisikia kitu kikimchoma kidogo, akakizima. Mwenye makosa ndiye anayekimbia, alijiambia.

Mchana, wengine walipokuwa wakila, Beverly na Risper walinyatia chini ya dirisha la chumba cha kompyuta. Wakainua vichwa kidogokidogo. Kemuma alikuwa ndani, peke yake, na kwenye skrini yake ulikuwa ukurasa wa Ng'ombe wa Babu. Alisogeza kishale kwenye neno, akabonyeza kitufe cha kufuta. Akasogea kwenye neno jingine, akafuta.

"Anafuta," Beverly alinong'ona. "Risper, si unaona? Anafuta ritifaa zangu moja baada ya nyingine."

"Naona kwa macho yangu haya."

Kemuma alipotoka, waliingia mbio. Beverly hakuutazama hata ukurasa. Alikwenda moja kwa moja kwenye Historia. Jina la Kemuma lilikuwa juu kabisa, na safari hii pembeni yake palikuwa na maelezo mafupi, yale ambayo mhariri huandika kueleza alichofanya. Yalikuwa maneno mawili tu: "natoa ritifaa."

Risper alijishika mdomo. "Ameandika mwenyewe!"

"Amekiri mwenyewe," Beverly alisema. Akabonyeza "tengua" kwa nguvu, akaenda kumtafuta Madam Dorine.

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, wanachama wote waliitwa. Madam Dorine alisimama mbele ya kompyuta yake kubwa, na kifaa cha kubebea kurasa za kwenda Migori kilikuwa mezani, bado kitupu. Kemuma alisimama karibu na mlango. Alikuwa amekuja na mkoba wake, kama mtu ambaye ameshajua mwisho wa habari.

"Beverly, sema mbele ya wenzako," Madam alisema.

Beverly alisema yote: jina kwenye Historia, dirisha, vidole, kitufe cha kufuta. Kisha akamaliza kwa lile alilolingoja. "Na ameandika mwenyewe, Madam. Natoa ritifaa."

Chumba kilinguruma. "Atoke!" mtu wa nyuma alisema.

"Kemuma, ni kweli umeandika hivyo?"

"Ni kweli, Madam." Sauti yake ilisikika kwa shida. "Lakini..." Akamtazama Beverly, akatazama nyuso zote zilizomgeukia, akaokota mkoba wake. "Basi. Mimi nitaenda tu."

"Huendi popote. Weka mkoba chini." Madam Dorine alivuta kiti, akakaa. "Nimesikia jina, nimesikia dirisha, nimesikia na maelezo. Ukurasa wenyewe hamjanionyesha. Nani kati yenu aliusoma jana mchana, Kemuma alipouacha?"

Risper aliangalia viatu vyake.

Madam aliingia kwenye Historia, akafungua ukurasa kama Kemuma alivyouacha. Wote wakasogea. Ng'ombe mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto aling'oa kigingi akamng'ata mbwa. Kila neno lilisimama wima. Kila pembe ilikuwa mahali pake.

"Na huu hapa ni kama Beverly alivyouacha." Akabonyeza. Maneno yakalala chini, pembe zikatoweka.

Beverly aliisogelea skrini. "Haiwezekani, Madam. Mimi niliweka ritifaa. Niliziangalia!"

"Njoo ukae hapa. Andika neno moja tu, ng'ombe, kama unavyoandika siku zote."

Beverly alikaa. N, g, kisha kidole cha shahada kikashuka: tak-tak. Watu wote walisikia.

"Simama hapo," Madam alisema. "Umebonyeza mara ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Pembe ni mbili, Madam. Si ulinichorea ng'ombe mwenye upara ukaniuliza pembe ziko wapi? Kwenye skrini ile ritifaa moja haionekani vizuri. Nikaona nikiweka moja utanichorea tena."

Madam Dorine alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Alipojifunua alikuwa na machozi ya kicheko. "Jamani! Kumbe ng'ombe hawa nimewaua mimi!" Kisha akawa mwalimu tena. "Sikilizeni. Kwenye wiki, ritifaa mbili zikifuatana si pembe tena. Ni amri. Zinaiambia kompyuta ilaze maneno yote yanayofuata, mpaka ikutane na nyingine mbili. Na amri ikishatekelezwa haionyeshwi. Sijawafundisha, kwa hiyo Beverly hakukosea kwa kutojua. Kemuma, wewe ulijua?"

"Tulifundishwa Isebania, Madam. Mara ya kwanza nilisahihisha aya moja tu, kengele ikalia. Niliporudi nikakuta zote zimerudi mbili-mbili. Nilikuwa natoa moja, naacha moja. Nilitaka kuandika 'natoa ritifaa ya ziada' lakini nilikuwa nakimbilia chakula kabla hakijaisha." Akamwonyesha Beverly kwa kidevu. "Nilitaka kumwambia kwenye mfereji."

Beverly alikumbuka mfereji. Alitamani sakafu ya ghala ifunguke. Alikuwa amekaa macho usiku akimwinda adui, na muda wote adui huyo alikuwa akimrudishia ng'ombe wa babu yake pembe zao, naye akizikata upya kwa mkono wake.

"Pole, Kemuma," alisema haraka, macho chini.

"Sawa," Kemuma alisema. Akachukua mkoba wake akaenda kwenye kona yake.

Madam Dorine aliangalia kona hiyo kwa muda. "Safari ya Migori itangoja Jumatatu," alisema.

Jumatatu chama kilikutana kama kawaida. Willis alikuwa anaandika habari za kilimo cha miwa, na kichwa chake kilikataa kuwa kikubwa kwa sababu alikuwa amesahau alama moja ya sawasawa. Alihangaika nacho, akasonya, akahangaika tena. Kemuma alikuwa amekaa pembeni yake kabisa. Beverly alimwona akilitazama kosa. Alimwona akilijua. Lakini mikono ya Kemuma ilikuwa imekunjwa mapajani.

"Si umsaidie?" Beverly alimwambia kwa upole.

"Sigusi kitu cha mtu," Kemuma alijibu, bila hasira.

Maneno hayo yalimwingia Beverly kuliko hata yale ya Ijumaa. Pole yake ilikuwa ya mdomoni, ndani ya chumba, mbele ya watu wachache. Jina alilolitoa lilikuwa bado linazurura nje, na asubuhi hiyohiyo mtoto wa Gredi ya Nne alikuwa amelipiga kelele getini.

Aliinuka kitini bila kuvutwa shati na mtu, akatoka hadi kwenye mfereji, ambako timu ya mpira ilikuwa imekuja kunywa maji. Akapanda juu ya lile jiwe la kufulia.

"Nisikilizeni! Lile jina la Mkata-pembe nilimpa Kemuma, na ni uongo. Mimi ndiye niliyeharibu ukurasa wangu kwa mikono yangu. Yeye alikuwa ananitengenezea. Mkimwita tena hivyo, mnarudia uongo wangu."

Walimtazama. Kisha mvulana mmoja akasema, "Kumbe Mkata-pembe ni wewe!" Wakaangua kicheko.

"Ndiyo," Beverly alisema, machozi yakimlenga. "Ni mimi. Niiteni mimi."

Walimwita. Walimwimbia mpaka akafika mlangoni mwa chumba cha kompyuta, naye hakugeuka kuwajibu. Ndani, dirisha lilikuwa wazi na wote walikuwa wamesikia. Madam Dorine alimngoja mpaka akakaa.

"Wiki ina kitufe cha kutengua," mwalimu alisema, akiwatazama wote. "Ukikosea, unabonyeza, yamekwisha. Jina la mwenzako halina kitufe hicho. Ukilichafua, itabidi uende kwa miguu, mtu kwa mtu, kama alivyofanya Beverly sasa hivi, na hata hapo huna hakika kwamba limesafika. Kwa hiyo kabla ya kushuku, soma ukurasa wenyewe. Na kabla ya kushtaki, muulize mwenyewe, umwache amalize sentensi yake. Risper, umenisikia?"

"Nimesikia, Madam," Risper alisema kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake. "Kemuma, na mimi pia, pole. Hata lile la noti."

Kemuma hakuelewa habari ya noti, lakini aliitikia kwa kichwa.

Beverly aliufungua ukurasa wa Ng'ombe wa Babu. Akaenda kwenye neno la kwanza, akafuta ritifaa moja, akaacha moja. Akaenda kwenye la pili. Kazi ilikwenda polepole, na alipofika aya ya mwisho alisikia kiti kikiburutwa, kisha mtu akakaa karibu naye.

"Hapo pia," Kemuma alisema, akionyesha bila kugusa. "Kwenye 'aling'oa.' Bado ziko mbili."

"Sizioni vizuri," Beverly alisema. Akaondoa mikono yake kwenye kibodi, akamsogezea. "Nitolee wewe."